Walimu wa Kiingereza, insha za watoto mnazisahihishaje? Mi wino mwekundu umenishinda

TichaWaZamu

Habari za jioni wakuu. Niko shule ya kata huku mikoani, nafundisha Kiingereza kidato cha pili, mikondo mitatu, kila mkondo una watoto kama 90 hivi. Nahitaji msaada kwenye hili la kusahihisha insha maana naona nateka maji kwa pakacha.

Iko hivi. Nikitoa insha ya ukurasa mmoja tu, tuseme barua kwa rafiki au safari uliyowahi kwenda, nabeba madaftari 270. Kila daftari nikilipa dakika 5, na hizo dakika 5 ni za kukimbizana, ni saa 22 na nusu, kwa insha moja! Hapo sijaandika andalio la somo, sijashika zamu, sijapika. Na chuoni nilifundishwa kwamba kosa ukiliacha bila alama mtoto ataamini ni sahihi, kwa hiyo mi naweka alama kila kitu, tense, spelling, nukta, herufi kubwa, kila kitu, ukurasa unarudi kwa mwenyewe kama umechinjiwa kuku.

Sasa mtoto akipewa daftari lake anafanya nini, anatafuta maksi. Akikuta 7 kwa 20 anachungulia ya jirani yake, wanacheka, daftari linaingia kwenye begi basi imeisha hiyo. Insha inayofuata makosa ni yale yale, sehemu zile zile, yaani ni kama sijaandika kitu. Na sio wavivu, maana kuna mabinti wawili pale mbele wananiandikia kurasa mbili kila nikiomba moja.

Nawawekea sentensi ya mtoto mmoja nimeinukuu kama ilivyo:

*Yesterday my mother he go to market for buy fish, when he come back we was very happy.*

Nikihesabu haraka makosa hayapungui sita au saba hapo. Nyie mngeiandikia nini? Na je kuna mtu amewahi kuacha kusahihisha kila kosa na watoto wakapanda? Msinijibu kwa mitusi ya "walimu wa siku hizi", nimekuja kwa heshima.

---

Madam_Chaki

Pole na kazi mwanangu. Mimi nimestaafu, nimefundisha Kiingereza sekondari toka enzi za chaki ya kugawiwa kwa kipande, kwa hiyo nisome taratibu.

Kwanza huyo mtoto anajua kusimulia. Kaanza na jana, kamtoa mama nyumbani, kampeleka sokoni na sababu ya kwenda, kamrudisha, kamalizia na nyumba nzima imefurahi. Hayo yote kwenye mstari mmoja na nusu. Wewe umeona makosa saba, na mimi nimeyaona, lakini hakuna sehemu uliyosema umemwandikia kwamba habari yake imeeleweka. Mwandikie hilo. Maneno manne tu yanatosha, na yawe ya kitu alichokifanya kweli, sio "good" ya kugawa kama pipi.

Pili chagua. Kama wiki hiyo umefundisha wakati uliopita, piga mstari chini ya *go* na chini ya *come*, basi. Usimwandikie jibu. Hiyo *was* iache, mtoto keshaonyesha anajua jambo limepita, amekosea umoja na wingi na hilo lina siku yake. Hiyo *he* ya mama nayo usiisahihishe kwenye daftari, ipeleke ubaoni, kwa sababu ukifungua madaftari mengine utaikuta imejaa, mtoto wetu amekulia kwenye "amekwenda" ambayo ni ya baba, ya mama na ya mbuzi, sasa kumwandikia *she* kwenye daftari moja moja mara 90 ni kujitesa. Andika sentensi tano ubaoni za watu ulizozibadilisha kidogo ili asijulikane mwenyewe, darasa zima lizitengeneze, dakika 10 umemaliza. Na hiyo *for buy* mwandikie tu juu yake *to buy*, hana pa kuitoa mwenyewe hata umpigie mistari mitatu.

Sasa hapa ndio penyewe. Madaftari usiyarudishe kengele ya kutoka inapogonga. Yarudishe mwanzo wa vipindi viwili vya mfululizo, YAKIWA HAYANA MAKSI. Waambie kila penye mstari andika upya chini ya insha, mwenzako wa dawati anaruhusiwa kukusaidia. Wewe zunguka. Utaona kelele zake, ni kelele nzuri, wanabishana *went* au *goed*. Akishaandika upya ndio unapita na peni unampa maksi pale pale. Asiyeandika upya hana maksi mpaka aandike. Hawa watu wanapenda maksi kuliko ubwabwa, watumie hapo hapo kwenye upenzi wao.

Na sio lazima usome 270 kila mara. Mkondo mmoja unausoma kwa kina, miwili mingine unapitia, unatia saini na tarehe, unaokota makosa ya ubaoni. Zamu inazunguka, na wao wenyewe wanajua zamu ya nani imefika.

---

Mlalahoi_Msomi

Mama umemaliza kila kitu, mi naongeza ya vitabuni kidogo tu maana niko kwenye masters na hii ndio mada yangu nimeilalia.

TichaWaZamu, ulichofundishwa chuoni kwamba kosa lisiloandikiwa linakuwa sugu kimebishaniwa sana. Mwaka 1996 kuna jamaa anaitwa John Truscott, alikuwa anafundisha Taiwan, alitoa makala akasema wazi wazi kusahihisha sarufi kwenye insha za wanaojifunza lugha ya pili kuachwe kabisa. Hoja yake ni kwamba haisaidii, inakula muda wa mwalimu, na ina madhara, mwanafunzi akishaogopa wino anaandika sentensi fupi fupi za kujikinga. Watu walichafukwa. Mwaka 1999 Dana Ferris wa California akamjibu kwamba umewahi mno kuhukumu, makosa hayafanani. Kuna yenye kanuni mtoto anaweza kuitafuta akajirekebisha, kama tense na wingi na umoja, na kuna yasiyo na kanuni, kama uteuzi wa neno au sentensi iliyopinda yote. La kwanza mwoneshe lilipo atengeneze mwenyewe, la pili mpe jibu. Ndicho alichofanya mama hapo juu kwenye *for buy*, sijui kama amewahi kumsoma Ferris.

Halafu Chandler, 2003, alilinganisha wanafunzi waliolazimishwa kurekebisha makosa yao kabla ya insha inayofuata na ambao walirudishiwa tu yakiwa na alama. Waliorekebisha makosa yao yalipungua kwenye insha mpya, wenzao hapana. Kwa hiyo alama peke yake bila kazi ya mtoto ni mapambo.

Na kule New Zealand Bitchener na Knoch walichukua kosa moja tu, matumizi ya *a* na *the*, wakalisahihisha hilo tu mengine wakayaacha. Miezi 10 baadae waliosahihishwa bado walikuwa mbele ya ambao hawakusahihishwa. Kosa moja wakuu. Ila tusidanganyane, hizi tafiti nyingi ni za watu wazima au wanachuo, madarasa ya watu wachache wenye viti vya kutosha, sio watoto 90 wawili wawili kwenye dawati la mtu mmoja. Usizibebe zima zima.

---

compo_254

Salamu kutoka Kenya walimu. Hapa kwetu nimemaki Kiingereza miaka mingi na nitakubaliana na Madam nusu, nusu nakataa.

Penye nakubali. Hapa kwenye mtihani wa kidato cha nne karatasi ya tatu swali la kwanza ni kompozisheni, alama 20. Mtahini hakai akihesabu makosa moja moja akitoa. Anasoma kwanza aone huyu mtoto ANAWASILIANA ama hawasiliani, anamweka kwa kundi, kuna A ya 16 mpaka 20, B ya 11 mpaka 15, C ya 6 mpaka 10, na D chini ya hapo. Makosa yanakuja kumpandisha ama kumshusha ndani ya hilo kundi. Sasa mwalimu anayeenda kwa daftari na peni kama askari wa trafiki anamfundisha mtoto mchezo tofauti na ule atachezewa mwisho. Hiyo sentensi ya samaki, kusema kweli, inawasiliana. Imevunjika lakini inawasiliana.

Penye nakataa ni hii ya kuficha maksi. Watoto wangu ukiwanyima maksi hata dakika 20 wanafikiria umepoteza hiyo karatasi, na mzazi akiuliza wasema nini. Mimi naandika maksi ukurasa wa nyuma, kwa penseli, na mbele naandika swali moja. Swali, sio hukumu. Mtoto akiandika "we was very happy" naandika kando *Why? What did you do with the fish?* Kwa insha ya pili wanaanza kujibu maswali kabla sijauliza. Hapo ndio urefu na maisha ya compo yanatoka, sarufi itafuata mbele ya safari.

Kitu ingine, na hapa wengi mtanichukia, mwache mtoto na picha zake. Niko na mmoja aliandika kwamba njaa ilimshika shingo asubuhi mpaka jioni, mwalimu mwingine akapiga mstari wote akaandika *I was hungry*. Kwani hiyo ya mwalimu ndiyo nzuri? Kingereza chake kilikuwa sawa, sarufi sawa, ni vile tu hakijazoeleka. Tunaua waandishi wakiwa wadogo halafu tunalia watoto wanakariri kompozisheni za guidebook za *it was a bright sunny morning and the birds were chirping*.

---

Mlalahoi_Msomi

@compo_254 kwenye maksi utafiti uko upande wa mama. Ruth Butler, Israel, 1988, aliwagawa watoto wa shule, wengine maksi tu, wengine maoni tu, wengine vyote viwili. Wa maoni tu ndio waliopanda. Waliopewa vyote viwili hawakuwa bora kuliko wa maksi tu, yaani maksi zilimeza maoni. Haikuwa insha za Kiingereza, zilikuwa kazi nyingine, lakini TichaWaZamu si ametusimulia kitu hicho hicho hapo juu, anachungulia ya jirani, begi.

Ila kwenye maswali kando ya ukurasa nakuunga mkono 100%.

---

compo_254

Sawa, lakini huyo Butler hajakaa na mzazi wangu wa siku ya kufungua shule 😂 Nitajaribu na kidato cha tatu tuone.

---

Jabali_la_Ilala

Mi sio mwalimu, nilikuwa mwanafunzi wa hayo madaftari. Ngoja niwaambie upande wa pili unavyoonekana.

Kidato cha tatu niliandika insha ya kurasa tatu kuhusu mazishi ya babu yangu. Sijui kwa nini niliandika ndefu vile, nadhani nilikuwa na mengi. Ikarudi ina mstari mmoja wa kukatisha kutoka kona mpaka kona kila ukurasa, na mwisho neno moja, *NONSENSE*, limepigiwa mistari miwili chini. Hakuna kosa hata moja lililooneshwa. Toka hapo mpaka namaliza kidato cha nne nilikuwa naandika sentensi za maneno matano. *My grandfather was a farmer. He had three cows. He was good.* Nilikuwa napata 14, 15. Kwa hiyo huyo Truscott wenu wa Taiwan kuhusu sentensi za kujikinga mi sihitaji kusoma makala yake, mi ndio makala yenyewe.

Leo kazini naandika ripoti za Kiingereza kila mwezi na bosi wangu ananirudishia na maoni pembeni, *who said this? when? how many?* Ripoti inatoka imenyooka. Ni ujinga tu nilikuwa sijui kwamba kusahihishwa kunaweza kuwa hivyo.

---

Madam_Chaki

Jabali pole sana baba. Hilo neno lilikuwa la kawaida enzi hizo na wengine waliona ni ukali wa malezi. Ila nikukumbushe na upande mwingine, kuna walimu wapole mno wanaandika *perhaps you might like to look at this part again* kwa mtoto wa kidato cha pili. Mtoto anasoma anaona amesifiwa. Hajui hiyo ni lugha ya kizungu ya kukataa kwa adabu, anaacha kama ilivyo. Kwa mtoto anayejifunza andika wazi na fupi, hata kwa Kiswahili kama hataelewa. Ndio, nimesema Kiswahili, mnipeleke kwa mkuu wa shule 😄 Maoni yasiyosomeka ni wino wa bure.

---

Mlalahoi_Msomi

Hilo nalo limeandikwa, Hyland na Hyland 2001, walikuta walimu wanapaka sukari maoni yao kwa huruma mpaka wanafunzi wanashindwa kuelewa wanatakiwa kubadili nini. Na Vivian Zamel mwaka 1985 alishalalamika kwamba maoni ya walimu ni ya jumla mno, *be clear*, *improve*, *watch your grammar*, mwanafunzi afanye nini na hayo. Mi mwenyewe supavaiza wangu ananiandikia *develop this*. Develop wapi.

---

Mkweli_Daima

Mnapoteza muda. Tatizo ni lugha ya kufundishia. Mtoto miaka 7 anasoma kwa Kiswahili halafu Januari moja anaamka anafundishwa Biolojia na Historia kwa Kiingereza. Hata msahihishe kwa wino wa dhahabu. Badilisheni mfumo.

---

TichaWaZamu

Mkuu hilo ni kweli na lina uzi wake, na mi nikipata kura nitapiga. Lakini Jumatatu saa mbili kasoro nina darasa, siwezi kuwaambia watoto tusubiri sera.

---

kijana_wa_data

Kwani hamtumii AI? Unapiga picha daftari unaitupia ChatGPT inakusahihishia yote ndani ya sekunde, hadi inaandika maoni. Saa 22 zinakuwa dakika.

---

compo_254

Umewahi kuona mwandiko wa mtoto wa kidato cha pili na peni inayovuja? Piga picha 270 kwanza kisha urudi tuongee.

---

Jabali_la_Ilala

Na hata ikisoma, si inasahihisha KILA KITU? Tumetoka huko sasa hivi. Mtoto anaandika "my mother he go" inarudi aya ya Kiingereza cha BBC, mtoto anainakili anapata 18, kesho anaandika "my mother he go".

---

kijana_wa_data

Mnaweza kuiambia isahihishe past tense tu, inatii. Ila sawa, hapo kwenye mwandiko mmenikamata. Mi nafikiri ingemsaidia mwalimu kutengeneza yale mazoezi ya ubaoni, sentensi tano tano, hiyo kazi inaifanya vizuri.

---

Madam_Chaki

Hapo sina ugomvi.

---

TichaWaZamu

Wakuu nashukuru sana, nimesoma yote. Nimefanya hivi kwa mkondo mmoja, ule wenye kelele, nikaacha miwili kama zamani ili nilinganishe. Nikapiga mistari kwenye vitenzi vya wakati uliopita tu, sikuweka maksi, nikawarudishia asubuhi.

Kwanza fujo. "Madam sijapewa maksi", "madam mi nimepata ngapi". Baadae wakatulia wakaanza kuulizana. Kuna kijana wa nyuma huwa haongei kabisa akamwambia mwenzake kwa sauti *buy* inakuwa *bought* wewe, sio *buyed*, darasa zima likageuka kumwangalia. Wote waliandika upya isipokuwa wachache waliojificha, na kumaki palikuwa pepesi kweli maana macho yanatafuta kitu kimoja tu, nadhani dakika mbili kwa daftari hazifiki. Siwezi kusema wamejua past tense, insha inayofuata ndio itasema.

Swali langu la mwisho, na hili ndio linaninyima usingizi. Wathibiti ubora wakija wakafungua daftari wakakuta *my mother he* haina alama yoyote nyekundu, nitawaambia nini? Mkuu wangu wa idara ameshaanza kuniangalia kwa jicho. Kaniambia "madam naona siku hizi unaruka makosa".

---

compo_254

Waambie ni makusudi 😂

---

Madam_Chaki

Usimsikilize huyo, utaitwa ofisini.

Fanya hivi. Juu ya kila insha, kabla hawajaanza kuandika, waambie waandike mstari mmoja, *Focus: past tense*, na tarehe. Wote, kwa mkono wao. Wewe kwenye andalio la somo andika kitu hicho hicho kwenye malengo, na kwenye tathmini andika makosa uliyoyaona mengine na wiki utakayoyafundisha. Kwa hiyo mtu akifungua daftari anakuta *Focus*, anakuta mistari iko pale pale penye focus, anakuta mtoto karudia kuandika chini, na wewe una karatasi inayosema *he* na *she* ni wiki ya tatu. Mimi walinikagua hivyo na aliyenikagua aliomba akaangalie ile manila niliyobandika ukutani yenye alama, T ni tense, S ni spelling, W ni neno sio lenyewe, P ni nukta na herufi kubwa. Usizidishe alama sita, zikizidi watoto wanaanza kusoma alama badala ya insha.

Na mkuu wa idara mwalike kwenye kipindi cha kurudisha madaftari, mmoja tu. Aje akae nyuma pale kwa kijana wako wa *bought*.

---

TichaWaZamu

Manila moja shilingi ngapi siku hizi jamani, maana hiyo naitoa mfukoni.

---

Madam_Chaki

Tumia nyuma ya kalenda ya mwaka jana.